Miaka sita ya utumishi wa mama haikuhesabiwa kwenye mafao yake: je, ombudsman anaweza kututendea haki?

Mwana wa Mwalimu, Mbagala

Wanajukwaa, naomba ushauri katika jambo ambalo limetuchosha nyumbani kwa zaidi ya mwaka mmoja.

Mama yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Alianza kazi mwaka 1985 katika wilaya moja ya mkoani Morogoro, akahamishiwa Dar es Salaam mwaka 1991, na akastaafu kwa lazima alipotimiza miaka 60. Hesabu ya mafao yake ilipotoka tuliona kwamba utumishi wake umehesabiwa kuanzia mwaka 1991, kana kwamba ile miaka sita ya mwanzo hakuwahi kushika chaki. Tulipouliza kwenye mfuko wa pensheni tulielezwa kwamba mfuko hulipa kulingana na kumbukumbu zilizoletwa na mwajiri. Mwajiri wa hapa mjini akasema kumbukumbu za kabla ya 1991 hazikuwahi kumfikia. Nilisafiri mwenyewe hadi halmashauri ya zamani, na huko nikaambiwa, kwa upole kabisa, kwamba mwalimu akihama jalada lake huhama naye. Kila ofisi ina jibu, na kila jibu linatupeleka kwenye ofisi nyingine. Kwa maandishi tumepata barua moja tu, yenye mistari miwili, isemayo kwamba suala letu linashughulikiwa.

Jirani yetu ametushauri tutafute wakili. Mwingine amesema tupeleke malalamiko Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, kwa kuwa ndiyo yenye kazi ya ombudsman hapa nchini, yaani kuchunguza malalamiko ya wananchi dhidi ya ofisi za umma. Ninachotaka kuelewa ni namna kazi hiyo inavyofanyika. Je, chombo kilichoundwa na dola kinaweza kusikiliza kwa haki shauri dhidi ya ofisi za dola hiyohiyo? Na je, ombudsman akishalipokea lalamiko letu, anakuwa upande wetu? Nauliza pia kwa sababu mama ana hofu ambayo sijui nimjibu nini. Anasema kwamba wakubwa wakiudhika, hata hiki kidogo anachopokea kila mwezi watakisimamisha.

Mwanasheria wa Kigamboni

Ndugu, poleni sana, na umfikishie mama shikamoo zetu.

Nianze na swali lako la kama ombudsman atakuwa upande wenu, kwa sababu hapo ndipo walalamikaji wengi wanapoingia na matarajio yasiyo sahihi na kutoka wakiwa na kinyongo. Neno lenyewe limetoka Sweden, na kwa lugha ya huko linakaribiana na wakala au mwakilishi. Ofisi iliwekwa na katiba ya nchi hiyo ya mwaka 1809, baada ya Mfalme Gustav IV Adolf kuondolewa madarakani, ili Bunge liwe na mtu wake wa kuangalia kama majaji na maofisa wanafuata sheria. Wa kwanza, Lars Augustin Mannerheim, alichaguliwa mwaka 1810. Kwa hiyo ni mwakilishi kweli, lakini tangu mwanzo hakuwa mwakilishi wa mtu mmoja aliyeleta barua. Wakili wako analipwa kuusema upande wako hata pale ulipo dhaifu. Ombudsman hana mteja. Atamwandikia mwajiri na mfuko kuwauliza walifanya nini na kwa kanuni ipi, kisha atakugeukia wewe akuulize maswali yaleyale. Akiona kwamba ofisi ilifuata utaratibu, atakuambia hivyo, na atakueleza sababu.

Hapa kwetu kazi hii haikuanza jana. Tanzania ilikuwa nchi ya kwanza barani Afrika kuwa na chombo cha namna hii, pale Katiba ya Muda ya mwaka 1965 ilipoanzisha Tume ya Kudumu ya Uchunguzi. Udhaifu wake mkubwa ulikuwa kwamba ripoti zake zilikwenda kwa Rais, na Rais aliweza kusimamisha uchunguzi. Marekebisho ya 13 ya Katiba, ya mwaka 2000, ndiyo yaliyoleta Tume ya sasa, ambayo ilianza kazi mwaka 2001 chini ya Sheria Namba 7 ya mwaka huo, ikiunganisha ulinzi wa haki za binadamu na ile kazi ya zamani ya kuchunguza malalamiko dhidi ya uendeshaji mbaya wa ofisi za umma. Ibara ya 130 ya Katiba inasema Tume itakuwa idara huru, isiyolazimika kufuata amri ya mtu yeyote, ingawa ibara hiyohiyo inamwachia Rais nafasi ya kutoa maelekezo pale anapoona maslahi ya taifa yanahitaji. Nayasema yote mawili kwa sababu uliuliza juu ya uhuru wa chombo kilichoundwa na dola, na usingenufaika kwa kuambiwa nusu ya jibu. Katika shauri la mwalimu mmoja aliyekosa miaka sita ya utumishi, sioni ni wapi maslahi ya taifa yangeweza kuingilia.

Kuna mambo mawili ya kiutaratibu ambayo msipoyajua yatawagharimu. Tume haichunguzi jambo ambalo tayari liko mahakamani. Kwa hiyo mkikimbilia kufungua kesi leo, mlango huu mmeufunga wenyewe. Lakini pia msidhani kwamba muda wa kisheria wa kufungua shauri unasimama kuwasubiri wakati Tume inachunguza. Kaeni na mwanasheria hata kwa saa moja awapigie hesabu ya muda uliobaki, halafu ndipo muamue mpangilio.

Kuhusu hofu ya mama, naiheshimu, kwa maana watu wa rika lake walifundishwa kwamba ukimlalamikia mkubwa umemtukana. Mweleze kwamba pensheni ni stahili yake kisheria, wala si hisani ya ofisa yeyote. Ofisa atakayeisimamisha kwa sababu mstaafu amelalamika atakuwa ametenda kosa jipya, lililo zito na rahisi kuthibitisha kuliko hili la sasa.

Mzee wa Masijala, Temeke

Nimefanya kazi ya masijala kwa miaka 31, katika ofisi za mikoani na baadaye hapa mjini. Nikisoma maelezo ya kijana huyu ninaona rafu ileile ya majalada niliyoizoea, kwa hiyo mniruhusu niseme kwa urefu kidogo.

Inawezekana kabisa kwamba katika ofisi hizo tatu hakuna aliyedanganya. Mtumishi alipohamishwa, jalada lake binafsi lilitakiwa limfuate, limeandikwa kwenye daftari la kupelekea barua huko linakotoka na kupokelewa kwa saini huku linakoenda. Mara nyingi mtumishi aliwasili kabla ya jalada. Kwa kuwa mshahara haungoji, ofisi mpya ilifungua jalada la muda, ikaweka barua ya uhamisho kama folio ya kwanza, yaani karatasi ya kwanza ya jalada, na maisha yakaendelea. Jalada la asili likija baadaye, yanatakiwa kuunganishwa. Lisipokuja, au likija na kuwekwa kwenye rafu nyingine kwa sababu herufi moja ya jina imekosewa, basi lile la muda linageuka kuwa ndilo jalada pekee, na mtumishi anazaliwa upya kiutumishi siku aliyoripoti. Miaka 30 baadaye ofisa utumishi kijana analifungua, anaona folio ya kwanza ni ya mwaka 1991, na anaandika 1991. Anaandika alichokiona.

Sasa tazameni ni kwa nini mlalamikaji hawezi kulitatua jambo hili peke yake hata akiwa na akili na subira. Halmashauri ya zamani inaangalia rafu yake na kuona nafasi tupu. Mwajiri wa mwisho anaangalia rafu yake na kuona jalada linaloanzia katikati. Mfuko wa pensheni unaangalia kilicholetwa na mwajiri. Kila mmoja anasema kweli kuhusu rafu yake, na mstaafu anabaki katikati akipigwa danadana. Anachohitaji mama huyu ni mtu mmoja mwenye mamlaka ya kuzitaka ofisi zote tatu zilete vitabu vyao mezani kwa pamoja: huyu alete daftari la kupelekea barua la mwaka 1991, huyu alete rejista ya barua zilizopokelewa mwaka huohuo, na mfuko ueleze ni hati gani ingeuridhisha iwapo jalada limepotea kabisa. Mstaafu akiomba daftari hilo ataambiwa ni nyaraka za ndani ya ofisi. Tume ikiomba, ina nguvu ya kisheria ya kuita mashahidi na kutaka nyaraka. Kwa shauri kama lenu, kazi yenyewe ya ombudsman iko hapo.

Kuna jambo jingine ambalo ningependa mlielewe, nanyi mnaweza kuliona dogo. Nikiwa karani mchanga nililalamikiwa mimi mwenyewe. Mtumishi mmoja aliyekuwa akidai malipo yake aliandika kwa Tume ya Kudumu ya Uchunguzi kwamba nimelificha jalada lake ili anipe chochote. Mkuu wangu wa kazi alikuwa tayari kuniandikia barua ya onyo hata kabla sijaulizwa, kwa sababu ilikuwa njia fupi ya kulimaliza. Wachunguzi walipofika walinikalisha, wakanisomea lalamiko zima, wakaniuliza mwendo wa jalada siku kwa siku, wakataka daftari langu la mzunguko wa majalada. Daftari lilionyesha kwamba jalada lilichukuliwa kwa saini kwenda ofisi ya juu na halikurudi. Lilikutwa kwenye mtoto wa meza huko. Mlalamikaji alilipwa, nami nilibaki na kazi yangu. Tangu siku ile ninaamini kwamba kumsikiliza anayelalamikiwa si upendeleo kwa ofisi, kwa sababu wale watu wangeniadhibu mimi bila kuniuliza, jalada lingebaki ndani ya meza ile na yule mtumishi asingelipwa mpaka leo.

Kwa hiyo, kijana, mkiandika lalamiko msianze na neno rushwa wala neno hujuma kama hamna ushahidi nalo. Mara nyingi nimeona barua ya kurasa sita yenye hasira nzito, na ndani yake hakuna tarehe hata moja. Andikeni mama aliajiriwa lini na kwa barua yenye kumbukumbu namba ngapi, alithibitishwa kazini lini, alihama kwa barua ipi, mmekwenda ofisi gani tarehe gani, mkazungumza na mwenye cheo gani, akajibu nini. Semeni wazi mnachoomba: kwamba utumishi wa kuanzia 1985 hadi 1991 utambuliwe na mafao yapigwe hesabu upya. Ambatanisheni nakala, na nyaraka halisi zibaki nyumbani. Na kabla ya yote, mwandikieni mwajiri barua rasmi, mkiweka nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, kwa sababu swali la kwanza mtakaloulizwa ni kama ofisi husika ilipewa nafasi ya kujirekebisha. Jibu la mdomo la dirishani haliwezi kuambatanishwa na chochote.

Msisahau pia kwamba kumbukumbu za mwalimu zina makazi mengine. Tume ya Utumishi wa Walimu ilirithi shughuli za Idara ya Utumishi wa Walimu, na ina ofisi wilayani. Kuthibitishwa kazini na kupandishwa cheo kwa mama yako vilipitia kwa watangulizi wao. Nendeni mkaulize kule Morogoro na hapa pia.

Nuru wa Sinza

Nakubaliana na Mzee wa Masijala kuhusu utaratibu, lakini naona thread hii inamjengea ndugu yetu matumaini makubwa kuliko yale ambayo sheria inaweza kuyabeba. Tume haitoi hukumu. Inatoa mapendekezo. Wananchi wa Nyamuma, wilayani Serengeti, waliondolewa kwenye makazi yao mwaka 2001. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kikapeleka lalamiko lao Tume. Tume ikachunguza na kuona kwamba haki zao zimevunjwa, ikapendekeza warejeshwe na walipwe fidia. Serikali haikukubaliana na matokeo hayo. Ilibidi suala la utekelezaji lipelekwe mahakamani, na likafika hadi Mahakama ya Rufani. Watu wale walikuwa na karatasi iliyosema kwamba wao ndio wenye haki, na miaka ikaendelea kupita.

Afrika Kusini walilitazama swali hili kwa namna nyingine. Mwaka 2016 Mahakama yao ya Katiba, katika shauri lililohusu fedha za umma zilizotumika kwenye makazi ya Rais Jacob Zuma kule Nkandla, iliamua kwamba hatua zinazoagizwa na Mlinzi wa Umma, ambaye ndiye ombudsman wa huko, zinamfunga anayeagizwa mpaka mahakama itakapozitengua. Ofisa asiyeridhika anakwenda mahakamani yeye. Kwetu mzigo huo wa kwenda mahakamani uko upande wa pili, na mimi naona hiyo ni dosari ya kweli katika mfumo wetu ambayo inafaa kurekebishwa.

Mwanasheria wa Kigamboni

Dada Nuru, umesema kweli, na shauri la Nyamuma linaniuma mimi pia. Ningeongeza tu kwamba sheria yetu haikuyaacha mapendekezo yaelee hewani kabisa. Ofisi iliyopelekewa mapendekezo inatakiwa kuijulisha Tume, ndani ya muda uliowekwa, imechukua hatua gani. Isipochukua, Tume inaweza kufungua shauri mahakamani au kupendekeza kwa mwenye uwezo huo afungue. Mlango upo, ila haufunguliwi mara nyingi kama inavyopasa.

Lakini tupime na aina ya shauri. Nyamuma iligusa ardhi, hifadhi na uamuzi wa viongozi ambao waliutetea hadharani. Hapa hakuna mkubwa anayeutetea uamuzi wa kumnyima mwalimu miaka sita, kwa maana hakuna aliyewahi kuuamua. Ofisi isiyo na jambo la kutetea huwa tayari kurekebisha ikishaandikiwa na chombo kinachosubiri jibu. Hata Sweden, ambako ombudsman anaweza kumshtaki ofisa, kazi yake ya kila siku ni lawama za maandishi zenye sababu, na maofisa hawapendi kutajwa humo.

Fundi wa Tandika

Mimi nimewahi kupeleka lalamiko na nikashindwa, kwa hiyo huenda neno langu likasaidia kwa upande huo.

Nilikuwa na gari dogo la abiria lenye bima kubwa. Lilipata ajali, kampuni ikakataa kulipa, na kwa miezi kadhaa sikupewa sababu zaidi ya kuambiwa faili liko kwa mkubwa. Nilikwenda kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ambaye anatambuliwa na Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Huyo ni ombudsman wa sekta moja tu, asije mtu akampelekea shauri la pensheni. Kampuni ilitakiwa kueleza kwa maandishi, na kwa mara ya kwanza nikasoma sababu yenyewe: leseni ya dereva wangu ilikuwa imekwisha muda siku ya ajali, na mkataba wa bima, ambao niliusaini bila kuusoma, ulisema wazi kwamba katika hali hiyo hakuna malipo. Niliulizwa kama nina ushahidi wa kupinga tarehe ile. Sikuwa nao.

Nilipoteza gari, na liliniuma sana kwa sababu lilikuwa linalisha nyumba mbili. Ila nilisikilizwa mpaka mwisho, nikaonyeshwa kifungu, na nikaelezwa kwa lugha niliyoielewa. Ile miezi ya kuzungushwa ndiyo iliyonidhalilisha zaidi kuliko uamuzi wenyewe. Mwambie mama ajiandae kwa lolote, lakini aende.

Mwana wa Mwalimu, Mbagala

Mzee wangu, shikamoo, na nawashukuru nyote kwa kutumia muda wenu.

Jana usiku nilimsomea mama majibu haya, nikimtafsiria maneno ya kisheria kwa namna yangu. Alisikiliza kimya mpaka nilipofika pale Mzee anapoeleza jinsi mtumishi anavyozaliwa upya kwenye jalada la muda. Hapo akanisimamisha, akasema kwamba alipohamia mjini aliambiwa na karani ajaze fomu upya kwa sababu jalada lake bado liko njiani, na kwamba aliporudi mara mbili kuuliza alijibiwa asiwe na wasiwasi. Jambo hilo hakuwahi kutueleza, kwa kuwa hakujua kama lina maana yoyote.

Tumefungua sanduku lake la bati. Tumepata barua ya ajira ya kwanza ya mwaka 1985, yenye kumbukumbu namba inayosomeka, na barua ya uhamisho. Barua ya kuthibitishwa kazini hatujaiona. Kesho kutwa nitakwenda ofisi ya Tume ya Utumishi wa Walimu kuuliza kama wanayo nakala, na barua rasmi kwa mwajiri nimeanza kuiandika. Nimefuta neno hujuma, ambalo lilikuwa kwenye sentensi yangu ya pili. Mwanasheria, nitakutafuta kwa ujumbe kuhusu ile hesabu ya muda.

Mama bado ana hofu, lakini ameniruhusu niandike jina lake. Ametaka pia niongeze majina ya shule mbili alizofundisha kule Morogoro na madarasa aliyoyafundisha kila mwaka, kwa sababu, kama alivyosema, wanafunzi wale wapo na wanamkumbuka. Mzee wa Masijala, je, ushahidi wa namna hiyo una nafasi yoyote ikiwa jalada halitapatikana?

Mzee wa Masijala, Temeke

Marahaba, kijana wangu. Unayo nafasi. Kitabu cha kumbukumbu za shule na daftari la mahudhurio ya walimu ni nyaraka za serikali, na walimu wakuu wengi wa zamani walizitunza vizuri kuliko sisi wa masijala. Andika majina ya shule hizo kwenye lalamiko, na omba kwa maandishi kwamba Tume ikiona inafaa iziandikie shule moja kwa moja. Ile habari ya karani na fomu mpya iandike pia, kwa maneno yake mama, na mwaka aliokumbuka.